Sisi wenye biashara ya taka Mtwara: nani anakula jasho la vibarua wetu? (uzi mrefu)

#1 Mwana wa Mikindani (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeukalia wiki tatu, kila nikianza kuandika nafuta.

Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Tunazoa taka majumbani, madukani na kwenye nyumba za wageni katika baadhi ya mitaa ya Chikongola na Magomeni, tunazipeleka dampo la Mangamba. Nina tipa moja la siku nyingi, trekta na tela lake, maguta manne na watu 31. Kati yao 25 nimewaajiri mwenyewe, wana mikataba na michango yao inakwenda NSSF. Sita walikuwa "watu wa mtu". Hao sita ndio habari yenyewe.

Wenzangu wa Kusini mnajua mambo yanavyokuwa msimu wa korosho ukiingia. Kuanzia Septemba vijana wanapotea mjini mmoja mmoja. Huyu kaenda kwao Tandahimba kuokota, yule yuko ghalani anabeba magunia. Nani atashika beleshi la taka wakati korosho zinadondoka? Na taka hazina msimu. Mwaka jana nilibanwa kwelikweli: wateja wanapiga simu, vizimba vimefurika, nzi wamehamia kwenye meza za mama lishe. Hapo akaja jamaa mmoja ninayemfahamu siku nyingi. Akaniambia, bosi usihangaike, mimi nina vijana. Nipe elfu kumi kwa kila mmoja kwa siku, chakula chao, malazi yao, matatizo yao yote niachie mimi.

Nikashukuru Mungu. Sikuuliza vijana wametoka wapi, wamekujaje, wanalala wapi. Walikuwa wanafika saa kumi na mbili asubuhi bila kukosa, hawalalamiki, hawaombi advansi. Ningekuwa na akili zangu sawasawa, huko kutolalamika peke yake kungenishtua.

Ikafika asubuhi moja mwezi wa kwanza, mvua ya usiku imegeuza dampo lote tope. Mmoja wa wale sita alikuwa juu ya tela anasukuma taka kwa reki. Aliposhuka akakanyaga ubao wenye msumari. Nikamvua buti mimi mwenyewe. La kulia namba 9, la kushoto namba 7. Lile la kulia alilijaza mfuko wa sandarusi na kipande cha kanga ili mguu usicheze. Msumari ulikuwa umepita kwenye soli na kuingia unyayoni. Nikamwambia panda bodaboda nenda Ligula, gharama zote juu yangu. Akakataa. Nikadhani anaogopa sindano. Akainamisha kichwa, akasema: "Bosi, nikikosa leo daftari litaongezeka."

Daftari gani? Hakunijibu. Nilimpeleka hospitali kwa kumlazimisha.

Jioni nikamwita yule jamaa, nikamwambia alete hesabu za siku tulinganishe. Akaleta bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakuona cha kuficha. Lilikuwa kauntabuku nene, jalada limebandikwa gundi ya karatasi, kila kijana ana kurasa zake. Ukurasa wa yule wa msumari ulianza hivi kwa kalamu nyekundu: Nauli 15,000. Buti 20,000. Glovu 5,000. Kutafutiwa kazi 50,000. Mama mgonjwa 60,000. Jumla 150,000.

Chini yake siku zimehesabiwa kwa vijistari. Mimi natoa 10,000. Jamaa anachukua 2,000 yake. Chakula 3,000. Deni 4,000. Kijana anabaki na 1,000 mkononi. Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Siku 26 kwa mwezi, miezi mitatu, ni siku 78. Hata ukiondoa siku tatu alizoumwa, 4,000 mara 75 ni laki tatu kamili. Deni la laki na nusu amelilipa mara mbili. Lakini ukurasa wa mwisho ulisema bado anadaiwa 187,000, kwa sababu katikati mle mlikuwa na maandishi mengine yanayojirudia: Pango 25,000. Riba 50,000. Kuumwa 5,000. Kuchelewa 3,000. Jumapili 5,000. Mtu amepumzika Jumapili, ameandikiwa deni kwa kupumzika.

Nikaomba vitambulisho vyao ili niwaingize kwenye orodha yangu. Akafungua begi, akatoa bahasha ya kaki. Vilikuwemo vitano. "Navishika mimi visije vikapotea." Wa sita hana kwa sababu hajafika umri. Ana miaka 16.

Usiku ule nikafungua simu kuangalia miamala yangu. Miezi mitatu, kila Jumamosi, ujira wa watu sita unakwenda kwenye namba moja yenye jina moja. Nimeutuma mwenyewe, kwa namba yangu ya siri. Sikuwahi kujiuliza watu sita wanapokeaje mshahara kwenye laini moja.

Mimi ni mzaliwa wa Mikindani. Tumekua tukicheza pembeni ya majengo ambayo wageni wanakuja kuyapiga picha, tukisimuliwa jinsi watu walivyoletwa pwani hii kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa na kupakiwa majahazini. Kilwa Kivinje nako hivyo hivyo. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na Tanganyika utumwa wenyewe ukapigwa marufuku kisheria mwaka 1922. Shuleni tulionyeshwa michoro ya minyororo shingoni. Hakuna aliyetuambia kwamba utumwa unaweza kuja na kauntabuku na bahasha ya kaki, na kwamba anayeulipia anaweza kuwa mtu kama mimi, anayeswali, anayechangia misiba ya mtaani, na asijue.

Nimeachana na yule jamaa na nimelifikisha suala mahali panapohusika. Mengine kuhusu yeye sitayaweka hapa. Ninachoomba ni mawazo: wenye biashara za aina hii mnazuiaje jambo kama hili, si kwa wafanyakazi wenu tu, bali hata kwa mnaofanya nao kazi? Nina maana ya wanaoleta vibarua, wanaokodisha magari pamoja na dereva na utingo wake, walinzi wa usiku, na wale wanaonunua chupa na vyuma kutoka kwetu.

#2 Korosho Ghafi

Mkuu pole, lakini naona unambebesha jamaa mzigo kuliko kosa lake. Wale vijana walikuwa kijijini hawana kitu. Kawapa nauli, kawalaza, kawalisha. Mama wa mtu kaumwa, katoa elfu sitini. Nani mwingine angetoa? Huku kwetu kijana anakuja mjini kwa kushikwa mkono na mtu, na aliyekushika mkono unamrudishia. Deni ni deni. Ukianza kuliita utumwa, kesho hakuna atakayemsaidia mtoto wa mwenzake.

#3 Mwana wa Mikindani

Ndugu yangu, swali hilo nilijiuliza kabla yako, na kwa muda nilitaka jibu liwe kama lako maana lingenipunguzia aibu. Mimi pia nilishikwa mkono na mjomba kuja mjini. Lakini mjomba hakuniwekea kitambulisho changu kwenye begi lake.

Nilimuuliza yule kijana swali moja: ukitaka kurudi kwenu leo, unaweza? Akasema, "Kitambulisho kiko kwake, na baba ameshaambiwa nadaiwa." Deni la msaada linapungua unapolipa, na unaweza kuondoka ukaendelea kulilipa ukiwa kwingine. La kwake lilikuwa linaongezeka kadiri anavyofanya kazi.

#4 Kazi na Haki

Nimefanya kazi kwenye masuala ya ajira zaidi ya miaka 20, sasa nimestaafu. Mleta mada, umefanya vizuri kuandika. Niongeze upande wa sheria, maana wengi wenu mnadhani hili ni suala la huruma tu.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaifanya kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo hiyo inataka ujira alipwe mfanyakazi mwenyewe, au uingizwe kwenye akaunti aliyoichagua yeye. Makato nayo yana utaratibu. Ukitaka kumkata mtu kwa hasara aliyosababisha, lazima iwe kweli ni kosa lake, umpe maelezo ya maandishi ya sababu na hesabu, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Yule kijana alikuwa anabaki na moja ya kumi. "Kuumwa 5,000" na "Jumapili 5,000" hayana mahali pa kusimama katika sheria yoyote. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki ni haki yake.

Huyo wa miaka 16 hapaswi kabisa kuwa dampo. Kuanzia miaka 14 mtoto anaweza kufanya kazi nyepesi isiyomzuia kusoma, lakini kazi ya hatari ni mpaka atimize 18. Taka zina sindano za zahanati, vioo, moshi, betri zilizopasuka. Kama hiyo si kazi ya hatari, sijui ipi ni ya hatari.

Kisha kuna Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Watu wakisikia jina hilo wanafikiria kontena na mipaka. Si lazima mtu avushwe mpaka. Kumchukua kijana Newala kwa ahadi ya uongo, ukamhifadhi Mtwara ili umnyonye, kunaweza kuingia humo. Na kusema "alikubali mwenyewe" hakukuokoi, kwa mtoto ndiyo kabisa.

Shirika la Kazi Duniani lina dalili 11 za kazi ya shuruti. Katika maelezo ya mleta mada nimezihesabu angalau sita: kutumia shida ya mtu, udanganyifu, kushikilia vitambulisho, kuzuia ujira, deni lisiloisha, na mazingira mabaya ya kazi. Makadirio waliyotoa mwaka 2022 pamoja na wenzao yalisema watu milioni 50 duniani walikuwa kwenye utumwa wa kisasa, milioni 28 kati yao kwenye kazi ya shuruti. Si mambo ya nchi za mbali. Wengine wako kwenye tela la trekta Mangamba.

Kwa vijana wenyewe: madai ya ujira yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Kuachishwa kazi isivyo haki ni siku 30. Wasikae wakisubiri.

#5 Binti Mwera

Shikamoo wakubwa humu. Mimi niko Lindi mjini. Nimefagia soko miaka miwili, kwa hiyo naongea nikiwa upande wa ufagio.

Kwetu hakukuwa na daftari la deni. Kulikuwa na kitu kingine. Aliyeshinda zabuni alimpa kazi mtu, huyo mtu akampa mama mmoja, huyo mama ndiye aliyetuajiri sisi tisa. Mwezi wa kwanza tulilipwa nusu. Wa pili tukaambiwa pesa haijatoka juu. Wa tatu hivyo hivyo. Sasa kaka zangu, mtu anayekudai miezi mitatu unaweza kuamka asubuhi ukaenda kutafuta kazi kwingine? Ukiondoka umepoteza yote. Kwa hiyo unaenda, unafagia, huku unaogopa kumkera. Watu wanafikiri mfanyakazi anafungwa kwa kudaiwa. Anafungwa pia kwa kudai.

Katikati hapo unakopa ili ule. Mimi niliingia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa: nakopa elfu hamsini, narudisha kidogo kidogo kila siku. Kuna mwenzetu mmoja, msimamizi alimwambia anaweza kumsaidia pesa yake itoke mapema kama atakubali kwenda kwake jioni. Alikataa, akaondolewa kwenye orodha. Hakuwa na mahali pa kusemea, maana namba pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ya huyo huyo msimamizi.

Mleta mada, ukiweka utaratibu wako, wape watu namba ya mtu ambaye si msimamizi wao. Kama inawezekana awe mwanamke. Na uende mwenyewe siku ya malipo ukasimame pale.

#6 Mizani Mikubwa

Nanunua vyuma chakavu na plastiki, yadi yangu iko nje kidogo ya mji. Mleta mada ametaja wanunuzi, basi niseme ukweli wa upande wetu.

Mzigo unaofika kwenye mizani yangu umepita mikono minne mitano. Mwokota chupa, anayemnunulia mtaani, mwenye guta, dalali, ndipo mimi. Nami nauza Dar. Kila mkono unakata. Chini kabisa, anayeinama kuokota, mara nyingi ni mtoto au mzee. Zamani nilikuwa napokea mzigo saa yoyote. Mpaka siku moja saa tatu usiku wakaja watoto wawili, mmoja sare ya shule iko ndani ya fulana, wamebeba kiroba cha makopo. Nikawauliza nani kawatuma. Walisema kaka. Kaka alikuwa amesimama kwenye nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara, anasubiri pesa.

Sasa nafunga mizani saa kumi na mbili jioni. Mtoto akija na mzigo sinunui, lakini pia simfukuzi tu akaishie kwa jirani yangu asiyeuliza. Namrudisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na namba 116 ya simu kwa mtoto nimeiandika ukutani kwa rangi. Nimepoteza kilo kwa kufanya hivi, sitaki kudanganya. Wauzaji wawili wakubwa wamehama.

Halafu mizani yenyewe. Mizani ikiwa na uongo wa kilo mbili, aliyeko chini ndiye anayezifidia kwa mgongo wake. Ukitaka kujua mnunuzi ni mtu wa namna gani, mwambie akuonyeshe muhuri wa uhakiki wa mizani yake.

#7 Ng'ambo ya Ruvuma

Naomba niulize kitu ambacho huku kinasemwa kwa kunong'ona. Tangu vurugu za Cabo Delgado kule Msumbiji zianze 2017, na hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, kuna ndugu waliovuka Ruvuma kuja upande huu. Wamakonde ni wale wale, lugha ile ile, wengine wana shangazi Mtwara. Wengine hawana karatasi yoyote. Hawa wanafanya kazi za taka, za mashamba, za ujenzi, na wakidai ujira wanaambiwa "nitawaitia Uhamiaji". Mwenye kampuni akiambiwa asiwatumie wasio na vibali, amefuata sheria. Lakini wao wanakwenda wapi?

#8 Kazi na Haki

Swali zito. Kuajiri mgeni kunahitaji kibali, ipo Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, na mwajiri asijidanganye kwamba anasaidia kwa kuificha. Lakini mambo mawili yasichanganywe. Kwanza, mtu kukosa karatasi hakumpi yeyote ruhusa ya kula jasho lake. Kazi aliyokwisha kuifanya alipwe. Pili, kutishia kumwitia mtu Uhamiaji ili afanye kazi bure ni dalili mojawapo katika zile 11. Sheria ya 2008 inamtazama mtu wa namna hiyo kama mhanga. Apelekwe ustawi wa jamii au polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na anayempeleka amtambulishe kama mhanga, asimkabidhi kama mhalifu. Ukiweza msindikize. Maneno ya kwanza yanayosemwa pale kaunta yana uzito mkubwa kwa yatakayofuata.

#9 Korosho Ghafi

Nimesoma yote. Binti Mwera, dada yangu, pole sana, hilo la kufungwa kwa kudai limenigusa, maana mdogo wangu liko juu yake sasa hivi kwenye kazi ya ujenzi na mimi ndiye niliyemwambia avumilie.

Lakini mleta mada jibu hili: bei. Ukilipa kila mtu sawasawa, ukanunua buti, ukalipa michango, ukiomba kazi utashindwa na anayefanya kwa nusu. Anayetoa kazi anaangalia namba ya chini. Utakuwa mwema, na utakuwa umefunga ofisi.

#10 Mwana wa Mikindani

Hapo umefika kwenye mfupa.

Chukua mzunguko mmoja wa trekta. Unahitaji watu sita. Sita mara siku 26 mara 10,000 ni 1,560,000 kwa mwezi. Hapo hujaweka dizeli, tairi, michango, glovu. Mwaka jana nilishindania eneo moja la mtu binafsi, mwenzangu akaomba 1,400,000 kila kitu ndani. Nilishindwa, nikarudi nyumbani nikijiona sijui biashara. Leo naitazama ile bei kwa jicho jingine. Ikiwa watu peke yao wanagharimu zaidi ya hiyo, basi kuna anayelipa tofauti, na si mwenye trekta.

Kwa hiyo ninaloomba halmashauri, wenye hoteli, wenye viwanda, na hata sisi wenye nyumba ni hili: kabla ya kuchukua bei ya chini, mwambieni mwombaji awaonyeshe amewaweka watu wangapi na atawalipa shilingi ngapi. Gawanyeni wenyewe kwa kalamu. Kama haifiki kima cha chini kilichomo kwenye amri ya mshahara, hiyo bei ni ya uongo. Karatasi ya malipo ya mwezi iliyosainiwa na wafanyakazi iambatane na ankara. Haina gharama yoyote kuiomba.

Na kuhusu kazi kupokezanwa mkono kwa mkono kama alivyoeleza Binti Mwera: mikataba yangu sasa ina kipengele kwamba niliyempa kazi haruhusiwi kumpa mwingine bila mimi kujua kwa maandishi. Mwenye gari la kukodi alinuna. Nikamuuliza utingo wako analala wapi? Ikaonekana analala ndani ya gari, miezi minne, kama mlinzi asiyelipwa. Mwenye gari mwenyewe hakuwa amewahi kulifikiria. Tumekubaliana chumba.

#11 Mkusini wa Leicester

Salamu kutoka Uingereza. Mimi ni wa Masasi. Huku nimefanya kazi kwenye mkanda wa kuchambua taka karibu mwaka mzima, kwa hiyo uzi huu nimeusoma nikiwa nimesimama.

Msidhani ni umaskini wa kwetu. Kuna kesi kubwa huku, polisi waliiita Operation Fort, hukumu zake zikasikika 2019. Kundi la wahalifu lilikuwa linawachukua Wapoland wasio na makazi, waliotoka jela, walevi, linawaahidi kazi nzuri, linawaleta eneo la West Midlands. Wahanga walikadiriwa kuwa zaidi ya 400. Walipelekwa mashambani, kwenye viwanda vya bata mzinga, na kwenye vituo vya kuchambua taka. Kampuni zilikuwa zinalipa mishahara ya kawaida kabisa. Lakini akaunti za benki zilizofunguliwa kwa majina ya wale watu zilikuwa mikononi mwa wahalifu, na mfanyakazi anapewa vijisenti. Mleta mada, ile laini yako moja ya simu ni kitu kile kile.

Nchi hii ina Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya 2015. Kampuni yenye mapato ya pauni milioni 36 kwa mwaka au zaidi inatakiwa kuchapisha taarifa kila mwaka ya hatua inazochukua kwenye shughuli zake na kwa wanaoiuzia. Nimezisoma baadhi, zimeandikwa kwa lugha nzuri. Lakini mahali nilipokuwa, kilichosaidia ni vitu vidogo: tangazo la lugha saba kwenye mlango wa choo, mahali ambapo msimamizi hasimami nyuma yako, na mama wa ofisini aliyekuwa anaangalia kama watu wengi wameandika anwani moja au akaunti moja. Akiona tano zinafanana, anashuka kuuliza.

#12 Mwana wa Mikindani

Wakuu, nawashukuru kuliko nitakavyoweza kuandika. Hii ni taarifa ya tulipofika, kisha nawaacha.

Vitambulisho vyote vitano wamerudishiwa, kila mtu mkononi mwake. Yule wa miaka 16 ustawi wa jamii wamemrudisha kwa bibi yake, na nimelipa ujira wake wa siku zote alizofanya, moja kwa moja, bibi akiwa amekaa hapo. Wawili wameamua kurudi kwao. Watatu nimewaajiri mwenyewe.

Kwenye malipo, nimechukua la yule mama wa ofisini kule Uingereza. Namba moja, mtu mmoja. Mmoja wao hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake, kwa hiyo mpaka aipate analipwa taslimu mbele ya mashahidi wawili, na si mimi wala msimamizi anayechagua mashahidi. Anayenitafutia kibarua nalipa mimi, mara moja, na kibarua namuuliza faragha kama ametoa chochote. Nauliza kwa Kimakonde pale inapobidi, maana kwa Kiswahili cha ofisini watu wanajibu "ndiyo bosi" kwa kila kitu. Mkataba wa ukurasa mmoja unasomwa kwa sauti kabla ya kusainiwa.

Malazi naenda kuyaona. Nilipoenda kule walikokuwa wanalala wale sita, nilikuta chumba kimoja, mikeka mitatu, dirisha limezibwa kwa kiroba cha saruji, na sufuria ya ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyopoa. Kutoka ofisini kwangu ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu.

Simu ya malalamiko anayo dada mmoja asiye mfanyakazi wangu, ni mwalimu, amekubali kwa kujitolea. Wiki ya kwanza hakuna aliyepiga. Wiki ya pili wamepiga wanne, wote ni wale 25 niliosema wana mikataba na mambo yao yako sawa. Mmoja alikuwa anamlipa msimamizi wangu 5,000 kila mwisho wa mwezi ili apangiwe njia ya Shangani, kwenye barabara ya lami. Msimamizi ana miaka sita kwangu. Hilo nalishughulikia wiki hii na halijaniacha nilale.

Mguu wa yule kijana wa msumari umepona. Alhamisi nilimpa buti mpya, namba 8, zote mbili. Akazigeuza soli, akaniuliza zimeandikwa shilingi ngapi. Nikampa karatasi ya ghala aisome: jina lake, namba ya buti, tarehe, mahali pa sahihi. Safu ya bei haipo. Akaisoma taratibu, akapindua nyuma kuangalia kama kuna maandishi mengine, kisha akasaini.